Mashine iko juu, lakini ni nani anaisoma huku chini?

Maneno yaliyosomwa mbele ya vijana wa Majengo na Virunga, Goma, tarehe 22 Mei 2024, siku ya kukumbuka miaka mitatu ya mlipuko wa Nyiragongo. Tunayaweka hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.



Leo ni miaka mitatu kamili. Ilikuwa siku ya posho, tarehe 22 Mei 2021, jua limeshaingia. Kila mmoja hapa anajua alikuwa wapi. Mbingu ya upande wa kaskazini ikawa nyekundu, na hakuna mutu aliyetuambia kitu. Tulikuwa tunaulizana barabarani: “Ni Nyiragongo ao ni Nyamulagira? Inakuja huku ao inaenda kule?” Wengine wakashika njia ya Sake. Wengine wakakimbilia mpaka wa Gisenyi, magodoro juu ya kichwa. Wengine wakabaki, kwa sababu walikuwa na mgonjwa ndani ya nyumba ao hawakuwa na nguvu ya kukimbia.

Lava ikashuka hadi Buhene, ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Watu zaidi ya 30 walikufa. Maelfu ya nyumba zikaungua. Wako kati yetu waliopotezana na watoto wao usiku ule. Naomba tunyamaze kidogo kwa ajili ya waliokufa.

Aksanti.

Nimeombwa niseme juu ya satelaiti. Naona wengine wameshaanza kutabasamu. Watu wanalala chini ya shitingi, tarehe 3 mwezi huu mabomu yameanguka juu ya wakimbizi upande wa Mugunga, na huyu kijana anakuja kutusemea habari za mbinguni? Nielewe vizuri, mukubwa: niko naongea juu ya udongo tunaokanyaga. Munisikilize mpaka mwisho, kisha mutaniuliza.

Kila mara jirani mmoja anapotuma satelaiti yake, vijana wetu wanaandika kwenye simu: “Na Congo? Sisi lini?” Mwaka 2018 ilikuwa Kenya. Mwaka 2019 ilikuwa Rwanda, hapa tu nyuma ya kizuizi. Mwaka 2022 ilikuwa Uganda. Mwaka jana Kenya tena. Ile swali inauma, na ni swali ya haki. Lakini mimi nasema ni swali ya pili. Swali ya kwanza ni hii: zile satelaiti ambazo tayari zinapita juu ya Goma, ni nani hapa Goma anazisoma?

Tuanze na historia yetu, kwa sababu wengi wanafikiri Congo haijawahi kujaribu.

Mwaka 1977 mambo mawili yalitokea katika nchi hii. Tarehe 10 Januari Nyiragongo ilipasuka. Ziwa la lava lililokuwa juu ya mlima likamwagika kwa muda usiofika saa moja, na lava ile ilikimbia kuliko mutu. Wazee wetu wa Kibati na Monigi wanaikumbuka. Miezi minne baadaye, tarehe 17 Mei, kule Shaba ambayo leo tunaita Katanga, roketi ikapanda juu. Roketi ya Congo? Hapana. Ilikuwa ya kampuni ya Kijerumani iliyoitwa OTRAG, ya injinieri Lutz Kayser. Mobutu aliwapa eneo la kilomita mraba 100.000. Piga hesabu: Kivu ya Kaskazini yote haifiki 60.000. Roketi ya pili ilipanda Mei 1978. Ya tatu, mwezi wa Juni, Mobutu alikuja kuitazama yeye mwenyewe, nayo ikapinda na kuanguka mbele ya macho yake. Mwaka 1979, nchi nyingi zikiwa zimelalamika, Mobutu akafunga ile kazi. Wajerumani wakafunga mizigo. Kwetu ilibaki nini? Hakuna shule ya roketi iliyobaki, wala kituo cha kupokea picha.

Kisha kuna Troposphère. Kule Menkao, upande wa Kinshasa, injinieri Mkongomani Jean-Patrice Keka na wenzake walitengeneza roketi zao wenyewe. Troposphère 4 iliruka mwaka 2007. Ilipofika zamu ya Troposphère 5, mwaka 2009, waliweka panya ndani yake na kumwita Kavira. Ndiyo, Kavira, kama dada zetu wa Butembo na Beni! Roketi haikufika kule ilikotakiwa, na Kavira hakurudi. Video yake ilizunguka dunia na watu wakacheka sana. Mimi sicheki. Wale watu walishika chuma na moto kwa mikono yao, wakajaribu. Lakini nauliza tena: nyuma yao kulikuwa na nini? Wanafunzi wangapi waliingia katika ile kazi na kuiendeleza?

Mwaka 2012 leta ikatia sahihi na kampuni ya Kichina, China Great Wall, juu ya satelaiti ya mawasiliano iliyopewa jina CongoSat-1. Miaka kumi na mbili imepita. Haijapanda.

Mara tatu, wakamaradi, tumeanzia juu. Mara tatu tumefikiri kwamba programu ya anga ni kitu kinachoruka na bendera pembeni, na mutu mukubwa anatazama.

Sasa turudi hapa kwetu, mwaka 2021.

Usiku ule sisi tulikuwa tunakimbia. Lakini siku zilizofuata, juu yetu kabisa, kilomita karibu 700 kutoka ardhini, satelaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-1 zilikuwa zinapita na kupima udongo wa Goma. Zile hazipigi picha kama simu yako. Ziko na radari. Zinatuma wimbi, wimbi linagonga udongo na kurudi juu. Usiku zinaona. Mawingu hayazizuii, na munajua mawingu ya hapa. Wataalamu wanachukua kipimo cha leo na kipimo cha siku sita ao kumi na mbili zilizopita, wanavilinganisha. Ni kama fundi wa nguo aliyekupima mwaka jana na kukupima tena leo: akitazama namba mbili, anajua umenenepa wapi. Udongo ukiinuka ao kushuka hata sentimita chache, itaonekana.

Na ilionekana. Vile vipimo, pamoja na matetemeko ambayo kila mmoja aliyasikia kitandani mwake, vilionyesha kwamba magma haikuishia mlimani. Ilikuwa imepenya chini ya ardhi, kilomita kama 25, ikapita chini ya mji wetu hadi chini ya Ziwa Kivu. Katika sehemu fulani ilikuwa mita mia chache tu chini ya miguu yetu. Na Ziwa Kivu liko na gesi nyingi sana ndani yake. Njo maana alfajiri ya tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi akatangaza kwamba kartiye kumi za Goma zihame. Munakumbuka ile asubuhi. Watu laki na laki wakaenda Sake, Minova, Rutshuru, wengine Rwanda. Tulimaliza siku tunalala makanisani na mashuleni bila maji. Wengi walisema tumefukuzwa bure, kwa sababu lava haikutoka tena. Haikuwa bure. Kulikuwa na moto chini yetu, na vile vipimo vilisaidia kuonyesha umefika wapi.

Lakini sitaki kuwadanganya. Satelaiti haikutupa habari kabla ya mlipuko. Wataalamu walioandika juu ya mlipuko ule katika jarida la Nature mwaka 2022 walisema wazi: dalili za kawaida hazikuonekana. Ishara ya kwanza ilikuja kwenye mashine za kupima matetemeko, mashine zilizo hapa chini, na haikutangulia kwa siku. Ilitangulia kwa muda usiofika hata saa moja.

Chini ya saa moja! Mutaniambia hiyo si kitu. Mimi nasema chini ya saa moja ni maisha ya watu thelathini. Dakika arobaini zinatosha kumtoa bibi ndani ya nyumba Buhene na kumupandisha kwenye moto. Lakini ili zile dakika zifae, lazima iwe hivi: mashine iko inafanya kazi, intaneti yake iko, kuna mutu anayeitazama siku ya posho jioni, ule mutu amelipwa, ako na namba ya kupigia, na yule anayepigiwa ako tayari kusema kwenye redio katika lugha tunayosikia. Toa kitu kimoja tu hapo, na dakika zote zinapotea.

Basi OVG, ile Observatoire yetu ya volkano, ilikuwa katika hali gani? Mradi wa Banki ya Dunia uliokuwa unasaidia ulikwisha mwaka 2020. Wenyewe walisema mbele ya waandishi wa habari kwamba walikaa miezi bila intaneti ya kuunganisha vituo vyao. Intaneti, wandugu! Kitu ambacho wewe unanunua kwa vocha kwenye kibanda. Na tusisahau kwamba wakati Nyiragongo inapasua mji tarehe 17 Januari 2002, vituo vya matetemeko vilivyokuwa vinafanya kazi vilikuwa viwili tu. Miaka kumi na tisa kati ya 2002 na 2021, na bado tunaomba wafadhili watulipie mega za kuangalia mlima unaoweza kutuua.

Hii ndiyo programu ya anga tunayoihitaji kwanza. Satelaiti ya Sentinel-1 inapita juu ya Goma bila kutuomba franga. Picha zake ni za bure, mutu yeyote duniani anaweza kuzichukua. Waliozisoma kwa haraka mwaka 2021 walikuwa wengi Ubelgiji na Luxembourg, wakishirikiana na OVG. Tunawashukuru kabisa. Lakini hawalali Majengo.

Niseme kidogo juu yangu, kwa sababu inahusu. Nimesoma jioloji, nimepata diploma yangu ya lisanse, na sina kazi. Hiyo si ajabu hapa. Ninyi wengi muko vile. Mwaka jana, wenzangu wanne na mimi tukasema tujifunze kusoma zile picha za radari wenyewe. Programu ni za bure, masomo ni ya bure. Lakini picha moja tu ya radari inakula giga kadhaa, na ili kulinganisha unahitaji mbili. Tukachanga pesa ya mega. Tukangoja usiku, wakati mtandao unakuwa mwepesi. Saa tisa ya usiku umeme ukaenda, picha ikakatikia njiani, tukaanza upya. Ilituchukua usiku tatu kupata picha mbili za mlima ambao ninaweza kuuona kutoka mlango wa mama yangu. Picha ni ya bure, lakini njia ya kuifikia si ya bure.

Tulipofaulu, tulitazama ule mchoro wa rangi mbalimbali kwenye kompyuta ya zamani, na tukatambua barabara zetu. Hakuna aliyesema kitu. Yule mudogo wetu akauliza tu: “Kumbe tungeweza?” Ndiyo, tungeweza. Tunaweza.

Tazameni sasa majirani walifanya nini kwa kweli. Kenya, mwaka 2018, satelaiti ya kwanza, 1KUNS-PF, ni sanduku dogo la sentimita kumi kila upande. Iniversite ya Nairobi iliifanyia kazi pamoja na ya Sapienza ya Roma, na Wajapani wakaitoa kwenye kituo cha kimataifa cha anga. Tarehe 15 Aprili 2023 ikafuata Taifa-1, iliyopanda na roketi ya SpaceX kule California. Ilijengwa pamoja na kampuni ya Bulgaria, kwa shilingi milioni 50 za Kenya. Uganda ilituma mainjinieri watatu kusoma Japani, wakatengeneza PearlAfricaSat-1, iliyotolewa angani Desemba 2022. Rwanda vilevile: mainjinieri wake walijifunza pamoja na Iniversite ya Tokyo, na RWASAT-1 ikaenda mwaka 2019. Ni vijana kama sisi.

Na zile satelaiti ndogo zinazotolewa kwenye kituo cha kimataifa hazikai sana. Baada ya mwaka mmoja, miwili, zinashuka na kuungua hewani. Sanduku linaisha. Kinachobaki ni wale watatu wanaojua kutengeneza sanduku lingine na kufundisha wengine kumi. Hicho ndicho majirani walinunua.

Mutu ataniuliza: na vita je? Na njaa? Nitajibu. Wakimbizi wetu wa Rutshuru na Nyiragongo wamewekwa wapi? Kanyaruchinya, chini ya mlima, pembeni kabisa ya lava ya 2021. Wengine wako Bulengo na Lac Vert, kule kwenye mazuku, ile gesi isiyoonekana inayolala kwenye mashimo na kuua mutoto asubuhi. Wanajioloji wa dunia nzima wanaandika “mazuku”. Tumewapa neno, na bado watoto wetu wanakufa ndani yake. Mutu aliyekimbia bunduki amelazwa mahali ambapo mlima unaweza kumufikia wa kwanza. Kwake yeye dakika arobaini ni kila kitu. Na kumbukeni Kalehe, Mei 2023: mvua ilishuka Bushushu na Nyamukubi, zaidi ya watu 400 wakafa. Mawingu ya mvua yanaonekana kutoka juu pia. Kati ya anayeona wingu na mama anayelala karibu na mto, hakuna kamba inayowaunganisha. Ile kamba ndiyo tunadai.

Na tusisahau: ndani ya vifaa vya umeme, hata vile vinavyoruka, kuna tantali, na tantali inatoka kwenye koltani, na koltani munajua inachimbwa wapi. Rubaya si mbali na hapa. Sisi tayari tuko ndani ya programu za anga za wengine. Tumeingia kwa mlango wa mgodi. Tunataka sasa kuingia kwa mlango wa darasa.

Kwa hiyo, kwa leta ya Kinshasa na kwa serikali ya jimbo, tunaomba mambo manne, na tutayarudia kila tarehe 22 Mei.

La kwanza: mishahara ya OVG na intaneti ya vituo vyake viwe kwenye bajeti ya nchi, kwa mstari wake wenyewe, na kila miezi mitatu itangazwe kama imelipwa ao haijalipwa. Mlima hausubiri mfadhili.

La pili: chumba kimoja hapa Goma chenye intaneti ya nguvu na umeme wa kudumu, mahali ambapo mwanafunzi yeyote anaweza kuchukua picha za satelaiti bila kulipa mega. Chumba kimoja tu. Bei yake haifiki magari mawili ya wakubwa.

La tatu: vijana ishirini kila mwaka, wanawake na wanaume, wafundishwe kusoma radari, matetemeko na mvua, kisha wapewe kazi. Tusifundishe tena mutu ili aende kukaa nyumbani.

La nne: tangazo la hatari lije kwa Kiswahili, kwenye redio na kwenye simu za makampuni yote, na kila kartiye ijue njia yake ya kukimbilia, hata kambi za wakimbizi. Kila mutu hapa ajue rangi nne za tahadhari, kijani, manjano, machungwa, nyekundu, na kila moja inamwambia afanye nini.

Na siku hayo manne yatakuwa yamesimama, basi wajenge satelaiti ya Congo, nami nitakuwa wa kwanza kupiga makofi. Itakuwa imejengwa na watu wanaojua wanaiuliza nini.

Sisi hatutakaa tu kungoja. Kuanzia mwezi ujao, posho ya kwanza ya kila mwezi, nyuma ya salongo, kikundi chetu kitakutana. Tutachanga mega, tutachukua picha mpya za Nyiragongo, tutajifunza kuzisoma. Mwenye kompyuta alete, asiye nayo aje na daftari. Kitu kimoja tu: hatutatangaza hatari sisi wenyewe. Kutangaza ni kazi ya OVG, na uongo wakati wa volkano unaua kama lava. Tutajifunza, tutauliza maswali, na tutaandika hapa kila mwezi kama mshahara wa wale wanaotulinda umefika.

Jioni hii, mukitoka hapa, tazameni kaskazini. Kama mawingu yamefunguka mutaona ule wekundu juu ya mlima. Mashine iko juu, inautazama pia, na tangu 2014 haijachoka. Huku chini, zamu ni yetu.